Hapa Umeshika Meza

Ipo siku moja ya Guangzhou, kule China, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo damu inanichemka. Na jana umeniamshia hasira ile ile. Umeulizwa kwenye simu viatu gani viletwe kwa vijana wetu wanaoingia mtoni na wageni, ukajibu, "Leta vyovyote tu, watavaa." Watavaa! Kaa hapa nikusimulie.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi kijana, shule nimeishia la saba, kichwa kimejaa ndoto. Kwetu chini ya Mlima Meru mto una trauti, samaki wa maji baridi, na mdogo wangu Elibariki alikuwa akiwapeleka wageni kumvua kwa ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Wamarekani walituambia kwao yupo ndugu yake trauti anayeshuka baharini, anakua huko, kisha anarudi kuupanda mto. Wanamwita kichwa-chuma. Niliota siku moja nitamkamata. Hata usingizini nilikuwa navuta fimbo ya kuvulia!

Kaka Abeid, mwenye kambi ya wageni, akanichukua China tukanunue vifaa, kwa kuwa mto naujua. Duka lilikuwa mtaa wa Sanyuanli, ghorofani, sakafu ya vigae vinavyong'aa. Nikapanga sampuli mezani. Huku za masika, maji yamejaa tope: mshipi mzito unaozama, ndoana kubwa ya manyoya meusi ili samaki aione. Huku za kiangazi, maji machache, meupe mpaka unaona mawe: mshipi unaoelea, uzi mwembamba wa mbele, ndoana ndogo, maana hapo samaki anaogopa hata kivuli chako. Halafu viatu vyenye soli ya manyoya yaliyoshindiliwa, kama zulia gumu, inayong'ang'ania jiwe lenye utelezi. Na mkanda wa kuibana kiunoni ile suruali ya mpira ya kuingilia majini, ili ukianguka isijae maji ikakuzamisha.

Laoban, ndivyo tulivyowaita wenye maduka, akatikisa kichwa. Kule wanauza kwa katoni, na katoni moja ni aina moja. Kuchanganya? "Bu xing!" Haiwezekani.

"Basi tuchukue hivi," Abeid akasema, ameinua kiatu cheupe cha soli ya plastiki. "Vinang'aa, wageni watavipenda."

"Kaka, hivyo mtoni vinaua."

"Dogo, umekuja kuvua samaki au kufanya biashara? Elibariki ana miguu, atajishikilia."

Mdogo wangu wa tumbo moja! Nikamwambia waziwazi siondoki na vile viatu. Akacheka, akamwonyesha laoban kwa mkono afunge mzigo.

Ndipo akaingia Bi Mwanaidi, mama wa Kizanzibari aliyetutafutia chumba. Alikuwa anatoka mtaa wa Guangyuan Xilu kununua nguo za watoto, wapagazi nyuma yake na marobota.

"Mbona kelele zenu zafika barabarani?"

Nikamweleza. Akachukua birika la chai la laoban, akaimwaga chai yote sakafuni. Laoban akapiga ukelele.

"Abeid, baba, vaa hivyo viatu vyako. Tembea."

"Bi Mwanaidi, mimi mtu mzima, mbele za watu..."

"Vaa!"

Hatua ya pili tu miguu ikaenda mbele, mwili ukabaki nyuma. Akadaka meza, sampuli zangu zote chini. Wapagazi wakaangua kicheko, hata laoban. Bi Mwanaidi hakucheka.

"Hapa umeshika meza. Mtoni, mtoto wa watu atashika nini?"

Kisha akaikalia katoni ya vile viatu vyeupe, akasema hatoki mpaka katoni zifunguliwe zote na tuchanganye. Laoban akamtazama yeye, akatazama mlango wake ulivyozibwa na marobota, akaenda kuleta kisu cha kufungulia katoni.

Abeid hakunisemesha mpaka tumefika nyumbani. Shauri yake. Masika yale mto ulikuja juu, Elibariki akasimama katikati ya maji na mgeni wake, jioni akarudi kula ugali na kunicheka kwamba viatu nilivyomchagulia ni kama miguu ya bata. Mpaka leo ananitania, na mimi namwacha anitanie. Kichwa-chuma sijamkamata, lakini bado namwota.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimchagulia mtu kifaa usianzie dukani. Anzia majini: yamejaa au yamepungua, yana tope au chini panaonekana? Halafu mtaje kwa jina atakayesimama humo. Na mkubwa wako akikuambia "vyovyote", mheshimu, lakini kasirika, wala usiondoke. Sasa chukua simu. Mpigie muuzaji wako mbele yangu, umwambie umebadili.

Mungu akupe jiwe lisiloteleza kila utakapokanyaga, na siku ukiteleza, akuwekee cha kushika.