Aliyekaa kati ya Bwana na Bibi

Leo nusura nivunje ndoa za watu kwa alama moja. 😂

Nachapa kadi za harusi dukani kwangu, Kibiti. Skripti yangu ya kompyuta inafuta neno MWALIKWA kwenye kadi na kuweka jina la mgeni, mfano "Bw. & Bi. Salum".

Bi Mwajuma, mama wa bibi harusi, akasoma kadi ya kwanza: "Bw. MWALIKWA Bi. Salum".

"Mwanangu, huyu Mwalikwa ni nani? Mbona kakaa kati ya mtu na mkewe?"

Kumbe sed, ile amri ya kubadili maneno ndani ya skripti, ikikuta & inarudisha neno lile lile uliloliondoa!

Nikatanguliza \ mbele ya kila &. Sed ikaiacha kama alama tu, kadi zikatoka safi, alhamdulillahi.

Ile mbovu Bi Mwajuma kaitia mkobani. "Hii ya wifi yangu. Atajijua mwenyewe."

Haya, nani nimchapie nyingine?