Nondo ya Sadaka

Kah! Mara moja tu, mlio mkavu, kama kifuu cha nazi kinapokanyagwa. Bado ninausikia vizuri, hata nikiwa jikoni naosha vyombo na redio inaimba. Ulitoka juu, kwenye boriti ya zege ya mnara wa tangi, siku ambayo akina mama wa kikundi kimoja huko Mkongani walilijaza tangi lao maji kwa mara ya kwanza. Vigelegele vilikuwa havijaisha. Babangu, fundi aliyeujenga mnara ule, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza, kisha akapiga kelele.

"Fungueni koki! Mwageni maji! Ondokeni hapo chini, mama zangu, ondokeni!"

Maji yakamwagwa yote, yakakimbia na vumbi mpaka kwenye mihogo ya jirani. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini boriti ilikuwa imepata ufa ambao kidole changu cha mwisho kingeingia.

Kazi ile niliileta nyumbani mimi. Nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi ndogo ya injinia pale Ukunda, ghorofani, juu ya duka la simu. Cheti changu cha kidato cha nne si cha kutundika ukutani, kwa hivyo niliingia pale kwa kufagia, kupika chai na kuchapisha karatasi. Moyo wangu lakini ulikuwa kwenye kompyuta. Injinia alikuwa na programu ya hesabu za majengo: unaiandikia urefu wa boriti na mzigo itakaoubeba, nayo inakwambia utie nondo ngapi, na za unene gani. Niliitazama kama wenzangu wanavyotazama tamthilia. Nilishaamua kwamba siku moja nitachora daraja, tena lenye taa, maharusi waende kupigwa picha.

"Na ukishalichora, nani atakujengea?" baba alikuwa akiniuliza.

"Wewe! Nani mwengine?"

"Basi chora upesi, mwanangu. Magoti haya hayangoji mtu."

Baba ni mwashi wa Mwabungo. Nyumba nyingi za kwetu zimepita mikononi mwake. Ana desturi aliyoirithi kwa fundi aliyemfundisha: katika kila boriti, akishazipanga nondo zote zinazotakiwa, huongeza moja yake mwenyewe. Huiita nondo ya sadaka. Husema zile nyingine ni za mwenye nyumba, na hii ni ya yule atakayelala chini yake. Basi wale akina mama walipokuja ofisini kutaka mnara, nikamtaja baba, injinia akakubali. Siku hiyo nilishuka zile ngazi nikicheza.

Karatasi ya hesabu ilipotoka kwenye mashine, niliitazama kabla ya kuikunja. Kwenye urefu wa boriti paliandikwa tatu, basi. Hapakuwa na neno jingine mbele yake.

"Bosi, hii tatu ni tatu ya nini?"

Injinia, mtu wa bara, mcheshi, hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Tatu ni tatu, madam. Wewe peleka tu, wale wamama wako na haraka."

Nikaipeleka. Baba aliisoma pamoja na mchoro, miwani ikiwa ncha ya pua.

"Nondo za milimita nane? Kwa boriti ya mita tatu, ibebe tangi la maji?" Akanitazama. "Haya yametoka kwenye ile mashine yenu?"

"Ndiyo, baba. Imepiga hesabu yenyewe."

Alikuwa ameshaikata nondo yake ya sadaka, nene kuliko zote, na kuiegemeza kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba. Asubuhi ya kumwaga zege nilimwona akiishika, akiipima uzito mkononi. Kisha akairudisha palepale ukutani.

"Hii leo tutaiacha," alisema. "Mwanangu ameshaleta hesabu. Nikiongeza yangu, itakuwa simwamini."

Nilifurahi mno. Nilitembea siku nzima kama niliyevishwa taji. Kati ya yote yaliyotokea, ni furaha ile inayoniuma zaidi.

Kesho yake baada ya ufa, nilifika ofisini mapema, nikalifungua lile faili. Kulikuwa na safu moja iliyobanwa pembeni hata haionekani, ili skrini ipate nafasi. Nikaivuta. Ikafunguka, na mbele ya ile tatu pakatokea kipimo chake: futi.

Nilielewa hapohapo. Kabla ya mnara, injinia alikuwa na kazi ya nyumba ya mgeni mmoja huko Galu, mzee aliyetaka kila kitu kwa futi. Programu ile ukishaiambia futi, kila namba utakayoiandika huihesabu futi mpaka uiambie vingine. Injinia hakutaka kuanza upya. Alilinakili faili la Galu, akafuta ya ndani, akaandika ya mnara akiwa na mita kichwani. Mchoro wake ukasema mita tatu, na programu ikatafuta nondo za kiboriti cha futi tatu, kama cha kulalia paka.

Injinia alipoingia nikamwonyesha. Akabadilisha futi ikawa mita, na majibu yote yakageuka mekundu, kutoka juu mpaka chini. Kisha akaandika nondo nene, mekundu yakaondoka, akahifadhi juu ya yale ya zamani, yakafutika.

"Hii maneno ibaki hapa."

"Na baba, bosi?"

"Babako ni fundi. Fundi akikosea watu husahau. Mimi nikikosea, hii ofisi inafungwa, na wewe unarudi kwenu."

Kikao kilifanyika Mkongani, katika darasa la chekechea, watu wazima tumekunjana kwenye viti vya watoto. Injinia alisema mchanga ulizidi na saruji ilipunjwa. Aliyasema kwa upole, kama anayemwombea baba msamaha. Nikasimama.

"Shikamooni, mama zangu. Si saruji. Kompyuta ilihesabu kwa futi badala ya mita, nondo zikatoka nyembamba. Nimeliona faili kwa macho yangu."

"Marahaba, mwanangu," alisema mwenyekiti, na hakuwa mama mbaya, sauti yake ilikuwa ya huruma. "Lakini wewe ni mtoto wake. Ungesema nini kingine?"

"Futi, mita, sisi twataka maji!" akadakia mmoja wa nyuma. "Au tukinge kwa hiyo kompyuta?"

Darasa zima likacheka. Hata mimi kidogo nicheke.

Kisha baba akainuka, kofia mkononi. "Mikono iliyojenga ni hii yangu. Niliona nondo ni nyembamba, nikajenga hivyohivyo." Akaketi. Injinia akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesaidiwa kushusha mzigo.

Njiani nilimuuliza baba kwa nini hakusema kweli yote.

"Niseme nini? Kwamba karatasi ya mwanangu ilinidanganya?"

Injinia aliniambia nisirudi. Mnara ulijengwa upya na fundi mwengine, kwa mchoro uleule na zile nondo nene, na watu wakasema, mwaona kazi ya fundi anayejua! Mwabungo nako habari ilishafika. Waliokuwa wamechimba msingi wakimngoja baba wakaita wengine. Siku hizi anaziba mabanda ya kuku na kupiga lipu choo cha shemeji yake. Akinikuta nakaanga viazi karai vya kuuza, hukaa karibu tukazungumza mengine. Kuhusu daraja langu haniulizi tena. Mimi bado ninaliota, na taa zake zote, ila katika ndoto hiyo siku hizi hakuna mtu anayelijenga.

Ijumaa iliyopita baba alikuwa msikitini na mama ameenda mazikoni Gazi. Nilizunguka nyuma ya nyumba. Nondo ya sadaka ilikuwa palepale, mguu wake umeanza kuingia kutu. Niliisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, nikachukua futi kamba ya baba, nikaipima. Kisha nikaleta rangi ya kucha, ile nyekundu iliyobaki kwenye harusi ya binamu yangu, nikaandika juu ya chuma: 3. Nikapuliza ikauke. Mbele yake nikaandika: mita.

Nikaiinua kutoka kwenye mchanga na kuilaza juu ya mawe mawili, isishike kutu tena.