Meza ya Mtu Mmoja, Komarock

Leo nimekunywa bia mbele ya watu, na nilikuwa nimeketi peke yangu.

Akina mama wa kanisani, bora mlisikie kwangu.

Mnajua daktari alichosema: sina muda mrefu. Nikajiuliza ni nini sijawahi kufanya. Kumbe maisha yangu yote sijala hotelini bila mume, watoto au kamati!

Basi jioni nikachukua mkongojo, nikaenda ile hoteli ya mtaa wa Komarock yenye bendi.

"Shosho, unangoja nani?" akauliza msichana anayehudumu.

"Bendi."

Nikaagiza samaki wa kukaanga na ile bia wanayoitengeneza wenyewe. Nyeusi, chungu, inanukia kahawa. (Nilikunja uso, lakini sikuirudisha.)

Rumba imeanza tu, mwanangu Wafula huyo mlangoni, anahema. Jirani alikuwa amenichongea.

"Mama! Tumekutafuta mtaa wa Tena mzima! Twende nyumbani."

"Sijamaliza."

Akavuta kiti aketi nami. Ukumbi mzima unatutazama.

"Baba, kiache hicho kiti. Leo nimetoka peke yangu. Tafuta meza yako."

Jamaa wa meza ya pili akacheka: "Umeskia, mkubwa? Yako iko kule!"

Wafula, mtu mzima mwenye mvi, akaenda kuketi pembeni na soda. Akanisubiri mpaka bendi ilipopumzika.

Sijajivuna hivi tangu nilipohitimu ualimu.

Haya, mwenye kunikemea aandike hapa chini mapema, nikiwa bado naweza kumjibu.