Mikorosho Kumi na Sita

Nilipostaafu kazi ya kufua nguo katika hoteli moja ya Diani, kiinua mgongo changu chote nilinunulia mikorosho ishirini na miwili huko Bongwe. Nilinunua miti tu. Ardhi ni ya binamu yangu, na kwetu hilo si ajabu: mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Wazee walishuhudia, wakasema maadamu mti umesimama, ni wangu na wanangu. Ukianguka, mahali pake panarudi kwa binamu, nami sina haki ya kupanda mwingine.

Misimu miwili ya kwanza bei ilikuwa nzuri, nami nikajiona bingwa wa biashara. Niliwashauri hata watu ambao hawakuniomba ushauri. Kisha bei ikaporomoka. Mnunuzi aliyekuwa akinipigia simu alfajiri akawa hapokei simu yangu. Kila nikiamka nauliza: Ukunda wanasemaje leo, Msambweni wanasemaje, kama mtu aliyelaza mgonjwa hospitali. Mume wangu alichoka nami.

"Mke wangu, miti haisikilizi redio," alisema. "Bei imeshuka, na yenyewe inazaa vile vile. Hebu tulia."

Sikutulia. Wachoma makaa walikuja na msumeno wa mashine, majirani wakawauzia, na lori zikawa zinapita zimejaa magogo. Nikaingiwa na hofu kwamba nitabaki peke yangu na korosho zisizo na mnunuzi. Nikasema nitakata sita tu, nipoze moyo. Ungedhani nilichagua ile iliyozeeka. Wapi! Mchoma makaa alitaka mashina manene, nami nikampa sita iliyokuwa kando ya barabara, iliyozaa kuliko yote.

Binamu alikuja akasimama pembeni. Hakunizuia wala hakunihimiza.

"Dada, umekwisha kuamua?" aliniuliza kwa adabu.

"Nimeamua," nikamjibu, tena kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyeshusha bei.

Msumeno ulinguruma mpaka adhuhuri. Pesa nilizopata ziliisha kabla ya mwezi kuandama, na hata leo sikumbuki zilifanya nini.

Mwaka uliofuata bei haikupanda. Nalisema hili kwa sababu watu hupenda kusimulia kwamba ukivumilia kidogo tu mambo hunyooka. Mchoma makaa alirudi kuulizia ile kumi na sita iliyobaki. Nilimkaribisha chai, nikamwambia hana mti kwangu. Bado niliogopa vile vile. Ila safari hii niliogopa bila kukata.

Niliacha kuulizia bei kila asubuhi. Nilikwenda shambani kupalilia, nikapunguza matawi yaliyokauka, na msimu ulipofika niliokota korosho nikazianika vizuri, nikazitia maguniani. Aliyekuja na bei ya dhihaka nilimuaga kwa heshima. Magunia yalikaa chumbani mpaka mume wangu akauliza kama tumepata wapangaji.

Msimu wa baada ya huo bei ilipanda. Haikufika ile ya zamani, lakini ilitosha, na niliuza magunia yote siku moja. Nilifurahi mno, siwezi kuficha.

Siku hiyo hiyo binamu alinijia na furushi la muhogo, mnono, mweupe, bado una udongo.

"Shikamoo dada. Pokea, ukampikie shemeji."

"Marahaba. Ahsante sana. Umeutoa wapi muhogo mzuri hivi?"

"Hapo kando ya barabara," akasema. "Pale mahali pangu."

Hakuwa na kejeli hata chembe. Alisema kweli, maana pale pakishakatwa ni pake, na patabaki kuwa pake hata wanangu wakizeeka. Niliupokea kwa mikono miwili. Nikaupika kwa tui la nazi, mume wangu akala akaongeza. Mimi nilishindwa kumaliza sahani.