Alama Upande Usio Wake

Mimi kutulia siwezi. Hata likizo, nyumbani kwetu Bunda, miguu ilikuwa inaniwasha. Tasnifu yangu ya fizikia ilikuwa kwa watahini. Wakiikubali nimepata shahada ya uzamivu. Wakiikataa, miaka yote imekwenda na maji.

Nilichodai ni hiki. Ukiupiga kwa mwanga wa leza, kwa muda usiofika hata kufumba na kufumbua, utando mwembamba wa nikeli uliolazwa juu ya metali ya tangsteni kwenye kipande cha kioo, hutoka wimbi la terahezi, lile la katikati ya redio na mwanga. Wengi husema linaletwa na elektroni zinavyojizungusha zenyewe. Mimi nikasema hapana, hapa kinachosafiri ni ule mzunguko wao wa kuizunguka atomu. Ushahidi wangu ulikuwa mmoja: wimbi la kioo changu chenye nikeli lilitoka kichwa chini miguu juu, tofauti na vioo vyenye metali nyingine.

Mama alishatoa ushuhuda kanisani kwamba nimefaulu. Nikapigiwa makofi.

Siku moja tulikuwa tunachambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Mama akanirudishia bonge moja nililoliweka kwenye safi. "Unaangaliaga upande mmoja tu. Geuza."

Nikaiacha pamba. Kile kioo, je, nilikipachika sawa? Maana ukikiweka nyuma mbele, wimbi nalo hupinduka, bila sababu nyingine yoyote.

Nilikuwa nacho kwenye pochi, nilikuja kumwonyesha mama. Nikadandia bodaboda hadi mjini kwa fundi simu, nikamwomba apime kwa mita. Upande wa utando hupitisha umeme, kioo kitupu hakipitishi. Akagusa upande wenye alama yangu ya kalamu, niliouhesabu ndio wa utando. Kimya. Akageuza. Namba zikaja.

"Alama umeweka upande siyo, dada," akasema, akaendelea na kazi zake.

Kumbe kwa kuifuata alama ile nilikipachika nyuma mbele. Nilijichukia. Palepale nikamwandikia msimamizi wangu aiondoe tasnifu kwa watahini.

Jioni nikamweleza mama. Akauliza, "Kwa hiyo ni fifi?" Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye pamba yake, nikadhani yameisha.

Jumapili akasimama kanisani, akanishika mkono nisimame naye. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ule ushuhuda wa mtoto wangu nimekuja kuurudisha," akasema. "Hajafaulu. Amejikagua mwenyewe, akakuta kosa, akalisema."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama hakukaa. Alisimama pale akiwatazama, mkono wangu hakuuachia, mpaka wakapiga.