Bourse Isiyo na Pembe

Siku niliyopata bourse, njo siku niliyopoteza jino.

Padri wa misioni yetu hapa Masisi alitangaza bourse yangu mbele ya kanisa lote: misioni itanilipia miaka miwili ya kujifunza useremala, pamoja na chakula, blanketi na randa ya kulainishia mbao. Nikatelemuka mpaka kwetu Kibabi nikiimba. Papa alikuwa akikamua. Nikamwambia. Akaweka chombo cha maziwa chini polepole, maana kwetu maziwa hayamwagwi. Mimi njo nilimwagwa.

Fimbo ya kwanza ilinipata begani, ya pili mudomoni. Jino likarukia kwenye mavi ya ng'ombe, na mpaka leo halijaonekana.

"Umekula ngombe ya mutu bila kuniuliza!"

"Papa, haiko ngombe! Iko bourse!"

"Iko na pembe ao haina, ngombe ni ngombe!"

Mama akajaribu kuishika ile fimbo, ikamuvunja kidole. Papa hakugeuka hata kumutazama.

Wenye kuchunga wamekwisha kuelewa. Wengine niwaelezee: kwetu, mutu akikupa ng'ombe, unakuwa mutu wake. Utamujengea uzio, utabeba mizigo yake, na watoto wako watabeba ya watoto wake. Babu yangu aliishi hivyo. Siku moja alichelewa kwenda kwenye uzio wa bwana wake. Wakamufunga mikono nyuma, wakamupiga mpaka sikio moja likafa. Papa, wakati ule mutoto, alisimama pale akiangalia. Alipokuwa mukubwa akavuka milima kuja huku, ili asiwe mutu wa mutu. Halafu mimi, na akili yangu yote ya shule, nikakubali randa ya padri huku nikichekelea.

Asubuhi yake Papa alimufunga kamba mutamba wake mweusi, akanisukuma mbele kwa ncha ya fimbo.

"Tunaenda kumupa huyo padri ngombe. Tutaona nani iko mutu wa nani."

"Papa, sasa padri atalala kwetu ndani ya nyumba, ao pamoja na ndama?"

Kofi. Lile nilistahili, lakini hata sasa nikikumbuka nacheka.

Mulangoni mwa ateliye, karakana ya misioni, tulimukuta moniteur, mwalimu wa useremala, mutu wa Mpofi, kule porini Walikale, anayejua mitego kuliko ng'ombe.

"Papa, hapa ngombe haiingie."

"Na mutoto yangu aliingia namna gani?"

Moniteur akamushika mutamba pembe ili amurudishe nyuma. Kosa kubwa: ng'ombe wa mutu hashikwi pembe mbele ya mwenyewe. Papa akamupasua kichwa. Moniteur, damu machoni, akaokota ubao na kumupiga nao mbavuni. Nikasikia kitu kikilia ndani ya Papa kama kuni kavu. Mutamba akakimbilia ndani, akavunjavunja viti vyote vilivyokuwa vimepangwa. Wanafunzi wakaruka madirishani.

"Huyu mutoto hataingia hapa!" moniteur akapiga kelele. "Bourse yake imekufa!"

Hapo njo niliogopa kweli. Jino limekwenda, kidole cha Mama kimevunjika, na bado nilikuwa naitaka ile randa kuliko kitu chochote.

Padri akatoka mbio. Papa, amejikunja, mukono mbavuni, akamunyooshea kamba.

"Pokea."

Padri alidhani Papa anaomba musamaha. Akapokea, akasema asante.

"Mutoto abakie," Papa akasema, kwa sauti ya kuagiza mutumishi.

"Abakie," padri akajibu.

Papa akanigeukia, meno yote nje na damu juu yake. Sijamuona tena na furaha kama ile.

Jioni moniteur alinichapa, fimbo moja kwa kila kiti kilichovunjika. Usiniulize vilikuwa vingapi. Lakini randa nilipewa.

Tangu siku ile Papa anangoja padri aje kumujengea uzio wa zizi. Padri haji. Likizo iliyopita nikabeba nyundo ya misioni, nikaujenga mimi. Majirani wakaja kuangalia. Papa, akishikilia zile mbavu ambazo hazikupona sawasawa, akawaambia:

"Padri ametuma mutu wake."

Nikacheka. Akanitandika kofi.

"Mutu wa padri hacheke kwa kazi yangu."