Siku Ndahani Alipochomeka Bunduki

Mdachi, yule Mjerumani aliyeshika boma la Mpwapwa, hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini neno moja alimpa Ndahani: akipiga shabaha siku ya mtihani, ataapishwa kuwa askari, na mdogo wake Chilewa atafunguliwa mnyororo. Chilewa alikuwa kafungwa kwa kutupa mzigo wa msafara na kukimbilia porini. Kwa ajili yake Ndahani, mchunga ng'ombe tangu utotoni, aliuacha mkuki nyumbani akaenda kushika bunduki.

Mwalimu wao alikuwa Shaushi Makame, sajini mtu wa pwani. Bunduki zilikuwa chache, hivyo wanafunzi wawili walitumia moja. Ndahani aliunganishwa na Sila, kijana wa misheni. Yao ilikuwa na kilema: ukilenga katikati, risasi inakwenda kushoto.

"Msiitukane," Makame aliwaambia. "Kila bunduki ina tabia yake, kama punda. Ijue kwanza."

Akachukua nyundo, akakigonga kijino cha kulengea kilicho kwenye ncha ya mtutu, akakisogeza kushoto. Ndahani aliona huyu mzee kachanganyikiwa. Risasi inakwenda kushoto, naye anasukuma kushoto? Lakini walipofyatua tena, risasi zilirudi katikati, maana kijino kikisogea kushoto, mlengaji hana budi kuuvuta mtutu wote kulia. Ndahani alicheka kwa furaha, na hiyo furaha ndiyo pekee aliyoipata pale.

Sheria ya kutunza bunduki haikuwa na kicheko. Haiachwi, haiegemezwi, hailazwi chini. Anayeivunja sheria atalambwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kisha afukuzwe. Na mdomo wa bunduki usiguse udongo kamwe, kwa sababu mtutu ulioziba hupasuka usoni mwa anayefyatua.

Siku ya mtihani, Ndahani akingoja zamu yake, mama yake alitokea kwenye vichaka vya miiba, anatembea kama mtu asiyeona njia.

"Mwanangu, baba yako ametutoka."

Katika ukoo wao mwanamume hasimami mbele ya mfiwa na silaha mkononi. Huuchomeka mkuki ardhini, ncha chini, ndipo anapompa mikono yote miwili. Mazoea yana taabu! Ndahani aliichomeka bunduki, mtutu chini, akamshika mama yake mikono, wakalia.

Alipoing'oa, mdomo ulikuwa umejaa udongo. Akauchokoa kwa kidole, lakini ulikuwa umeshindiliwa ndani. Hakuna aliyemwona.

"Sila!" Makame aliita. "Chukua bunduki, anza wewe!"

Sila aliitwaa mikononi mwa Ndahani, akalala kifudifudi, akaweka shavu kwenye kitako. Ndahani angeweza kunyamaza. Ikipasuka wangeilaumu yenyewe, si ilikuwa na kilema tangu mwanzo? Yeye angepewa nyingine, na Chilewa angelala nyumbani. Aliwaza hivyo, tusimsingizie utakatifu. Kidole cha Sila kikaanza kujikunja.

"Sila, usifyatue! Nimeichomeka ardhini!"

Makame alitazama ndani ya mtutu, akatikisa kichwa. Mdachi hakuuliza sababu. Viboko vyote vilimshukia Ndahani mbele ya wenzake, na Sila alilia kuliko aliyechapwa. Kisha wakamvua sare, wakamwambia aende zake.

Mama alimfunika mgongo kwa kaniki yake, wakashika njia ya kwenda kuzika. Nje ya boma wafungwa walikuwa wakivunja mawe, wameunganishwa shingoni kwa mnyororo mmoja. Chilewa alimwona kaka yake.

"Umepiga?"

"Sikupiga, mdogo wangu. Na baba amefariki."

Mama alitoa wembe aliokuja nao, kwa kuwa mtoto wa marehemu hana budi kunyolewa. Mlinzi alisogea kumzuia, kisha akarudi nyuma. Chilewa akapiga magoti, na wale waliofungwa mbele na nyuma yake ikawabidi wapige magoti pamoja naye, mpaka mama alipomaliza kumnyoa.